Mwanza kwenda Dar kwa ndege: maswali tunayoulizwa kila siku dirishani

Nauza tiketi za ndege katikati ya mji wa Mwanza. Kwa muda wote niliokaa nyuma ya dirisha hili, sijasikia mteja akiuliza ndege inarukaje. Wanauliza ya chini: saa, kilo, jengo, teksi. Na hawakosei, kwa sababu safari ya ndege ya ndani huharibikia ardhini. Angani ni kama saa moja na nusu tu kwa ndege ya jeti, wakati basi la Dar lingekula siku nzima na kipande cha usiku. Haya ndiyo majibu ninayoyatoa kila siku, nimeyaandika ili usome kabla hujafunga begi.

Ndege yangu ni saa ngapi hasa?

Hili ndilo swali lililopoteza tiketi nyingi kuliko mengine yote, na wengi hawaliulizi mpaka wamechelewa.

Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24, inayoanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Kwa hiyo 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi. Si saa saba ya mchana. Kanuni ninayowapa wateja ni hii: ukiona namba kuanzia 07 hadi 18, toa sita. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane. Kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita. Kwa hiyo 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, 19:00 ni saa moja usiku, na 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Siku moja mama mmoja aliingia ofisini mchana, kanga mbili, boksi limefungwa kamba ya katani, uso umejaa furaha. "Mwanangu, nimewahi eeh? Nimeona nipitie hapa kwanza unielekeze kiwanjani." Tiketi ilisomeka 07:00. Ndege yake ilikuwa imeshatua Dar, imepakia wengine na kuondoka tena. Nilishindwa hata kumtazama. Tangu siku hiyo kila tiketi inayotoka dirishani kwangu naiandikia juu kwa kalamu, herufi kubwa: SAA MOJA ASUBUHI. Jioni ya kuamkia safari nampigia mteja simu. Ukinunua mtandaoni huna wa kukuandikia, basi jiandikie mwenyewe.

Tatizo la pili ni tarehe. Kwenye tiketi siku hugeuka saa sita usiku. Ukiona "Jumamosi tarehe 14, 00:40", ujue unatakiwa kuwa kiwanjani Ijumaa tarehe 13, jioni. Sisi tungesema usiku wa kuamkia Jumamosi, na wazee wangesema ni usiku wa Jumamosi kwa sababu kwao siku mpya imeanza magharibi. Wote wako sahihi, ila ndege inafuata tarehe ya karatasi. Saa za namna hii huwapata zaidi wanaounganisha kwenda nje ya nchi.

Nifike kiwanjani saa ngapi?

Saa mbili kabla ya ndege kuruka. Usichanganye muda wa kuruka na muda wa kufunga kaunta. Kaunta hufungwa mapema, na ikishafungwa hakuna maelezo yanayosikilizwa, hata kama unaiona ndege kwa macho yako pale uwanjani.

Kiwanja cha Mwanza kiko kama kilomita kumi kutoka mjini, unafuata barabara ya Makongoro kupitia Kirumba na Pasiansi. Anayetoka Nyegezi, Buhongwa au Igoma lazima akate mji kwanza, na asubuhi ya siku ya kazi mji haukatiki haraka. Daladala za Airport zipo na ni nafuu, lakini kwa ndege ya alfajiri chukua bajaji au teksi ya mtu unayemjua, mkiwa mmeahidiana tangu jana yake. Wasindikizaji huishia nje, kwa hiyo kuagana kufanyike mlangoni.

Tiketi nafuu naipataje?

Nunua mapema. Ndani ya ndege moja watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli tofauti kabisa, kwa sababu viti vya bei ya chini ni vichache na vikiisha mfumo unapanda daraja. Desemba, Pasaka na wakati wa kufunga shule huwa ni balaa. Anayekuja tarehe 20 Desemba kuulizia ndege ya tarehe 22 huwa namwambia akae kwanza, ndipo nimtajie bei.

Soma masharti ya tiketi ya bei ya chini. Mara nyingi hairudishiwi fedha, na kubadilisha tarehe kuna faini pamoja na nyongeza ya nauli. Kama safari yako inategemea kikao kinachoweza kuahirishwa, huo unafuu si wako.

Malipo kwa simu yanakubalika: unapewa namba ya malipo, na namba hiyo ina muda wake. Usipolipa ndani ya muda, nafasi inafutika. Ukiwa unalipa, jina linalokuja kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri liwe la kampuni. Likija jina la mtu binafsi, acha. Kodi na ada za viwanja zimo ndani ya nauli, kwa hiyo anayekudai "ada ya kiwanja" taslimu mlangoni anakuibia.

Nibebe kitambulisho gani?

Kadi ya NIDA, pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Mtoto aje na cheti cha kuzaliwa. Kibebe halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu inakuingiza kwenye maombezi, na asubuhi ya safari si wakati wa kumwombea mtu huruma.

Jina la kwenye tiketi lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Watu hununulia wazazi tiketi kwa majina ya nyumbani: "Mama Neema", "Babu Mashaka". Hapa Usukumani kuna na la ziada, kila ukoo una mapacha Kulwa na Doto, na jina la baba na la ukoo ni yale yale. Tiketi ya Kulwa haimpandishi Doto, hata mkifanana mpaka kovu. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa, lakini jina zima la mtu mwingine ni tiketi mpya. Nitumie picha ya kitambulisho kabla sijakata tiketi, tumalize.

Naruhusiwa kilo ngapi, na samaki je?

Kwa ndege kubwa za ndani, kiwango cha kawaida cha mzigo wa chini, ule unaoukabidhi kaunta, ni kilo 23, pamoja na begi dogo la mkononi. Ndege ndogo za abiria kumi na kidogo huwa ni kilo 15, na zinapenda begi laini linalokunjika. Tiketi yako ndiyo hakimu. Pima nyumbani. Mizani ya dukani kwa Mangi inatosha, usingoje kufungulia begi mbele ya foleni na kumpunguzia jirani kanga na sufuria.

Sasa samaki. Kila Mwanza ikimtuma mtu Dar, nyuma yake kuna sato. Samaki anasafiri vizuri akifungwa vizuri, na anazuiwa kwa haki akifungwa ovyo, kwa sababu maji ya samaki yakivuja kwenye tumbo la ndege yanaingia kwenye mabegi ya watu wote. Fanya hivi: mnunue mapema, mwoshe, mtoe matumbo na umgandishe usiku kucha mpaka awe jiwe. Usiweke mabonge ya barafu, samaki mwenyewe ndiye awe barafu. Mfunge mmoja mmoja, kisha wapange kwenye boksi jeupe la povu gumu, nafasi zilizobaki ujaze magazeti, halafu uzungushie solotepu pana mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Andika jina na namba ya simu juu. Kwa muda wa safari hii fupi, anafika Dar bado mgumu. Hata hivyo mpigie mtu wa shirika la ndege umuulize kwanza, maana masharti ya samaki mbichi hayafanani kwa mashirika yote.

Dagaa na kayabo, wale samaki wa chumvi, wa soko la Mwaloni Kirumba hawavuji, ila wanajitangaza. Tabaka mbili, boksi juu yake. Usiwaweke kwenye begi la mkononi, waonee huruma wenzako. Senene wa kukaanga kutoka Bukoba hawana kesi na mtu. Shida yao ni kwamba huwa hawafiki.

Asali, samli na mafuta viende chini, vifuniko vimezibwa. Visu na mapanga chini. Mtungi wa gesi haupandi kokote. Pawabenki ni kinyume chake: lazima iwe mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, kwa sababu betri ikishika moto kule chini hakuna wa kuizima. Zile za kawaida za mAh 10,000 au 20,000 hazina shida, kikomo ni kama 27,000. Na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usije na rambo. Kikapu au mfuko wa kitambaa.

Nimeona ndege ina mapanga nje. Ni salama?

Swali la haki. Zile zinazoitwa ndege za pangaboi, kama Q400 yenye viti 76 au zile za ATR, ndani yake mna injini ya jeti inayozungusha lile panga. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi: zinatumia mafuta kidogo kwa safari fupi na zinaweza kutua kwenye njia fupi ambako jeti kubwa haiwezi. Airbus A220 yenye viti 132 iko kasi zaidi na kimya zaidi. Kwa pangaboi ongeza muda kidogo, na ukitaka utulivu omba kiti kilicho mbali na usawa wa bawa, maana pale ndipo makelele yalipo.

Dar nitashukia jengo lipi?

Kiwanja cha Julius Nyerere kina majengo matatu ya abiria, na kila dereva utakayempigia atakuuliza swali hili, kwa hiyo lijue jibu kabla.

Jengo la Pili, ambalo madereva wanaliita Terminal Two, ni lile la mapaa ya miamvuli, lililofunguliwa 1984. Mchoro wake ni wa Paul Andreu, Mfaransa aliyechora pia kiwanja cha Roissy kule Paris. Wengi wanalipita bila kuinua macho, lakini ukipata dakika, angalia nguzo zinavyochanua juu kama miti. Kwa miaka mingi lilibeba kila kitu, ndege za nje na za ndani. Jengo la Tatu lilizinduliwa Agosti 2019, lina uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, na ndege za nje zikahamia huko. La Pili likabaki ndilo kituo kikuu cha safari za ndani. La Kwanza, lile la zamani, ni la ndege ndogo na za kukodi.

Mashirika huhamishwa jengo mara kwa mara, kwa hiyo siku ya kurudi usiende kwa mazoea. Tazama tiketi au ujumbe wa shirika. La Pili na la Tatu ni majirani. La Kwanza liko mbali nayo, na mtu aliyefikishwa huko kwa makosa akiwa amebakiza nusu saa, huwa ananipigia mimi simu kama vile nitasimamisha ndege.

Ndani ya jengo kuna huduma gani?

Mashine za fedha, mikahawa, vyoo, vitoroli vya mizigo, teksi nje ya mlango. Bei ya chai humo itakukumbusha kwamba umesafiri. Kula kabla.

Nikitoka, nifikeje mjini?

Kiwanja kiko kando ya barabara ya Nyerere, ile ambayo wenyeji wa siku nyingi bado wanaiita Pugu Road, kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji. Kuelekea mjini utapita Kipawa, Jet, Vingunguti, Tazara, Chang'ombe, halafu Gerezani na Kariakoo. Ukielekea upande wa pili ni Banana, Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu.

Una njia tatu. Teksi za kiwanjani zipo pale pale: patana bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na isemwe kwa shilingi na kwa safari nzima. Gari la kuita kwa programu ya simu mara nyingi ni nafuu zaidi, ila mpigie dereva umwambie jengo na mlango, na ulinganishe namba ya gari. Njia ya tatu ni kutoka mpaka barabarani upande daladala. Kwa mtu mwenye begi moja na anayejua anakokwenda, hii ni safari ya bei ya chai. Kwa mwenye boksi la samaki, kondakta atakudai nauli ya boksi nalo, na jioni utasimama nalo mguuni mpaka Kariakoo.

Foleni ya barabara ya Nyerere ina tabia zake. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, lilipunguza adha kubwa ya makutano na barabara ya Mandela. Kabla yake watu walikuwa wakishuka kwenye teksi na kukimbia na mabegi. Lakini asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka bado ni pagumu, na mvua za masika, Machi hadi Mei, huzidisha. Kwa safari ya kurudi jioni, ondoka mjini saa tatu na nusu kabla ya ndege. Ukifika mapema utakaa kwenye kiti. Hiyo si hasara.

Nina rufaa ya Muhimbili. Nielekee wapi?

Hapa naomba usome pole pole, kwa sababu wanaokosea ni wagonjwa.

Muhimbili ni mbili. Kuna ya Upanga, katikati ya jiji, ambako pia wapo jirani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa, MOI. Halafu kuna Mloganzila, nje kabisa ya mji, njia ya kwenda Kibaha. Ni mwendo wa kilomita nyingi kati ya moja na nyingine, na zote huitwa Muhimbili. Taasisi ya saratani ya Ocean Road nayo iko peke yake, ufukweni. Kabla hujatoka hospitali ya Bugando hapa Mwanza na barua yako, muulize aliyeiandika: Upanga au Mloganzila? Aandike. Kama ni Mloganzila, wala usiingie mjini kwanza. Madereva wengi hupita Kinyerezi na Malamba Mawili wakatokea Mbezi, na hapo unakuwa umekwepa jiji zima.

Mgonjwa asiyeweza kutembea aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. Anayehitaji oksijeni au kulala kwa machela, shirika litataka fomu iliyojazwa na daktari, na inachukua siku kadhaa kukubaliwa. Dawa zake zote ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na barua, filamu za X-ray na majibu ya vipimo. Mzigo wa chini unaweza kuchelewa siku moja, dawa ya sukari haiwezi.

Mtafutieni gesti karibu na hospitali, hata ikiwa ghali kidogo. Ndugu wa Mbagala au Bunju anakupenda, ndiyo, lakini kliniki ya asubuhi itakutoa kwake alfajiri kila siku.

Nakwenda Kariakoo kununua mzigo. Naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?

Inawezekana kama unajua duka lako na unachokitaka. Kariakoo ni kama kilomita kumi kutoka kiwanjani. Panda ndege ya kwanza asubuhi, rudi ya usiku. Usiende Jumapili, maduka mengi hufungwa.

Ila mzigo wenyewe usirudi nao kwenye ndege. Kilo za ziada zitakula faida yote. Wafanyabiashara wa hapa hununua, wanafungisha viroba, wanavikabidhi kwa wasafirishaji wa Kariakoo wanaopakia malori na mabasi ya Mwanza, wanachukua risiti na kurudi na begi la mgongoni. Piga picha viroba vikiwa vimeandikwa jina lako. Na usitembee na fedha zote taslimu. Wakala wa simu na benki wapo kila kona ya Kariakoo, na vibaka pia.

Dar si mwisho wa safari yangu. Nitaunganishaje?

Kwenda Morogoro au Dodoma, treni ya SGR imebadilisha hesabu kabisa. Ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo huo, na ya haraka inafika Dodoma kwa saa tatu na ushee. Stesheni kuu iko mjini, lakini kuna stesheni ya Pugu, upande ule ule wa kiwanja, na kwa anayetoka kwenye ndege kwenda Pugu ni kukwepa foleni ya mjini. Hakikisha tu treni uliyokata inasimama pale. Kitambulisho utaombwa tena.

Mabasi ya mikoani yako kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, si Ubungo. Kilihamia huko 2021 na bado nakutana na watu wanaomwambia dereva "nipeleke Ubungo, stendi".

Zanzibar unaweza kupanda ndege ndogo, kama dakika ishirini angani, au boti kutoka bandarini, kama saa mbili. Boti ni nafuu, lakini usipange ya mwisho ya siku baada ya ndege ya mchana. Ndege ikichelewa utalala Dar bila kupenda.

Anayekwenda nje ya nchi na tiketi mbili tofauti, ile ya Mwanza na ile ya nje, atachukua mzigo wake Jengo la Pili, atoke nao, aingie la Tatu na kuanza upya. Acha angalau saa nne katikati. Shirika la pili halihusiki na ucheleweshaji wa la kwanza.

Ndege ikichelewa au ikifutwa?

Usiondoke kaunta kwa hasira. Anayeondoka anahesabika hayupo. Uliza mambo mawili kwa upole na bila kuchoka: napangiwa ndege gani, na nakula nini wakati nasubiri. Kama ni kulala, uliza nani analipa. Tunza kipande cha pasi ya kupandia na kile kikaratasi cha mzigo. Begi lisipotokea kwenye mkanda, andikisha taarifa kabla hujatoka mlangoni, siyo kesho, na upewe namba ya taarifa.

Ukiona umedhulumiwa na shirika halikujibu kwa maandishi, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Wachache wanalijua. Nenda na risiti, si na hadithi.

Mjamzito na mtoto mchanga wanaruhusiwa?

Ndiyo. Kwa kawaida mimba ikivuka wiki 28 unatakiwa barua ya daktari, na ikifika 36 mashirika mengi hukataa. Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa na analipa sehemu ndogo ya nauli, lakini lazima awe na tiketi yake. Mnyonyeshe ndege inapopanda na inaposhuka, itamsaidia masikio.

Tuna msiba. Mwili unasafirishwaje?

Poleni sana. Anzeni na kitengo cha mizigo cha shirika, si dirisha la tiketi, kwa sababu si kila ndege ina mlango na nafasi ya kutosha jeneza, na hilo ndilo linaloamua siku. Mtahitaji hati ya kifo kutoka hospitali, kibali cha kusafirisha mwili kutoka kwa afisa afya, na mwili uwe umehifadhiwa kwa dawa, jeneza limezibwa sawasawa. Mteueni ndugu mmoja awe ndiye anayeongea na shirika. Wakipiga watu sita, kila mmoja na saa yake, mambo yanachanganyika, na mwenye msiba ndiye anayeumia. Wanaosindikiza wakatiwe tiketi za ndege ile ile mapema, kabla viti havijaisha.

Nivae nini?

Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Dar iko baharini. Ukishuka na koti lako la asubuhi, joto linakupokea mlangoni pa ndege. Vaa nyepesi ndani, sweta juu. Mkanda na viatu viwe rahisi kuvua kwa ajili ya ukaguzi.

Ni mara yangu ya kwanza kupanda. Niketi wapi?

Omba dirishani: viti vya A na F ndivyo vya dirishani kwenye ndege nyingi za njia hii. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna kitu, yatazibuka. Mfuko wa karatasi uliopo mbele yako ni wa kutapikia, si wa kuwekea karanga za kupeleka nyumbani, ingawa nimewaona wengi. Na usilale wakati wa kuruka: mawe na visiwa vya ziwa havikai dirishani zaidi ya dakika mbili tatu, kisha ni mawingu mpaka karibu na Dar.